Usikubali Kuwa Ukuta

Wasee, kuna neno tunalirusha ovyo: eko. Kwa Kiswahili sanifu ni mwangwi. Hapa Olympic utalisikia Jumapili, pasta akimwambia kijana wa mitambo, "Ongeza eko kwa maiki." Moyo ukisumbua, daktari anaweza kukutuma ufanyiwe eko. Na mtandaoni, eko ni kurudia kile mwingine amesema.

Hizi si kitu kimoja. Hospitalini, mashine inatuma mawimbi ya sauti, yanagonga moyo, yanarudi na habari. Popo naye usiku anapiga kelele yake, anasikiliza ikirudi, anajua ukuta uko wapi na mdudu yuko wapi. Sauti ni yake, habari ni yake. Hiyo eko ina kazi.

Sasa cheki yetu. Asubuhi hashitegi inaanza, akaunti kibao, maneno yale yale, hadi makosa ya herufi ni yale yale. Septemba 2021, Mozilla ilitoa ripoti ya Odanga Madung na Brian Obilo kuhusu hii biashara Kenya. Waliosukuma hizo twiti walikuwa wanalipwa kati ya dola 10 na 15 kwa kampeni. Waliopakwa matope ni pamoja na majaji na wanaharakati. Jina la mtu linachafuliwa kwa pesa ya bando na chakula cha siku mbili.

Najua utasema, "Buda, kazi hakuna, na landlord anabisha." Mimi niliacha chuo, sina mshahara, na ofa kama hiyo imeingia kwa simu yangu mara mbili. Maandishi yako tayari, kazi ni kukopi na kupesti. Njaa ni ya ukweli. Lakini anayekulipa hataki maoni yako. Anataka ukuta. Ukuta hauulizwi kama unakubali, unarudisha tu. Na kesho akipata ukuta wa bei rahisi, wewe kwisha.

Wagiriki wa kale wana hadithi ya msichana anaitwa Echo. Alikuwa msemaji sana, mungu Hera akamwadhibu: asianze tena mazungumzo yake, arudie tu maneno ya mwisho ya wengine. Ilikuwa adhabu! Sisi tunaiombea kazi.

Na msiniambie Juni 2024 pia ilikuwa eko. Ndiyo, tulirudia maneno mamoja kuhusu Mswada wa Fedha. Lakini watu waliusoma, wakaueleza kwa TikTok, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani ili cucu na dani waelewe. Tarehe 26 Rais Ruto akasema hatautia sahihi. Wenzetu waliuawa wakisema walichoamini. Usiweke sauti yao kapu moja na twiti ya kununuliwa.

Kwa hivyo kabla hujapesti, jiulize nani ameandika hayo maneno, na anachafuliwa nani.

Kama umewahi kulipwa, andika hapo chini uliambiwa useme nini. Jina lako weka kando. Nataka tuone hayo maandishi yamefanana aje.