Pemba Sokoni: Madini Yaliyomo na Madini Yanayofika Mwilini

Miongoni mwa hoja zinazotolewa kuutetea ulaji wa udongo katika Afrika Mashariki, iliyoenea kuliko zote ni ile isemayo kwamba udongo una madini, na kwamba mjamzito anayeutamani huwa anaitikia tu upungufu ambao mwili wake umekwisha kuutambua kabla ya daktari. Nusu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli tupu na nusu ya pili ina mashaka makubwa. Kwa kuwa ndiyo inayowatuliza walaji na wauzaji, haiwezekani kuamua kama biashara hii iachwe huru, ipigwe marufuku au isimamiwe kabla ya kuipima hoja yenyewe.

Udongo unaozungumziwa hapa si vumbi la njiani. Nchini Tanzania huuzwa kwa jina la pemba, mara nyingi katika vijiti vilivyofinyangwa kwa mkono, vikakaushwa juani au kubanikwa motoni hadi vikawa vikavu vya kumung'unyika mdomoni. Katika eneo la Nyanza nchini Kenya huitwa odowa, na huuzwa kama vipande vya mawe laini. Na wako wanaopendelea udongo wa kichuguu au uliobanduliwa kwenye ukuta wa nyumba. Utafiti uliofanywa Kilifi na kuchapishwa mwaka 1998 uliwahusisha wajawazito 275, na asilimia 56 kati yao walisema hula udongo mara kwa mara, kwa wastani wa gramu 40 hivi kwa siku. Katika maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu mkoani Geita, utafiti wa mwaka 2014 ulikuta karibu nusu ya wajawazito 340 waliohojiwa wakiwa na desturi hiyo. Kisiwani Pemba, kinyume chake, wajawazito zaidi ya 2,000 walipoulizwa, waliokiri kula udongo walikuwa takriban asilimia 5 tu, ilhali zaidi ya theluthi walikuwa wakitafuna mchele mbichi. Tofauti hizo zinatosha kumzuia mchambuzi asiizungumzie desturi hii kana kwamba ni moja kila mahali.

Sehemu kubwa ya udongo mweupe unaoliwa ni kaolini, yaani madini ya mfinyanzi yaliyoundwa na silikoni, alumini, oksijeni na hidrojeni, ambayo yenyewe hayana chuma. Chuma kinapokuwamo, hutokana na oksidi zinazoupa udongo rangi nyekundu au ya manjano, nazo ni jamaa wa karibu wa kutu: chuma kilichokwisha kuungana na oksijeni, ambacho huyeyuka kwa shida hata ndani ya asidi ya tumbo, na kisichoyeyuka hakivuki ukuta wa utumbo kuingia katika damu. Kwa hiyo maabara inaweza kupima kijiti cha pemba na kutangaza, bila kusema uongo, kwamba kina chuma kingi, na mlaji asipate humo karibu chochote.

Jambo zito zaidi ni kwamba udongo hauishii kutotoa, bali pia huchukua. Chembe za mfinyanzi ni bapa na nyembamba mno, na nyuso zake hubeba chaji hasi ya umeme inayozivuta ayoni za metali, yaani atomi zenye chaji chanya zinazoelea katika majimaji ya tumboni. Jaribio la maabara lililochapishwa mwaka 2004, lililoiga hali ya tumbo na utumbo kwa kutumia udongo wa kuliwa kutoka Uganda, Tanzania, Uturuki na India, lilionyesha kwamba udongo wenye chokaa uliweza kutoa kalsiamu, magnesi na manganizi, lakini kwa chuma, zinki na shaba ulielekea kupunguza hata kile kilichokuwa tayari kwa kufyonzwa. Matokeo hayo yaliafikiana na uchunguzi wa Uturuki wa mwaka 1968 kuhusu udongo na ufyonzwaji wa chuma, na pia na taarifa ya Ananda Prasad na wenzake ya mwaka 1961 kutoka Iran, iliyoeleza habari za vijana wa kiume waliodumaa, wenye upungufu wa damu, waliokuwa wakila mkate usiochachushwa na udongo. Taarifa hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa kutambua ukosefu wa zinki kwa binadamu. Mjamzito anayepewa kliniki vidonge vya kuongeza damu, vyenye miligramu 60 za chuma kila kimoja, kisha akatafuna pemba saa hiyo hiyo, huenda anakifunga kwa mkono mmoja kile alichokipokea kwa mwingine.

Ni haki kukiri kwamba tafiti nyingi zinazohusisha udongo na upungufu wa damu hazionyeshi kipi kilitangulia, kwa maana inawezekana ni upungufu unaozaa hamu. Hata hivyo, watoto wa shule mjini Lusaka walipopewa vidonge vya chuma katika jaribio lililochapishwa mwaka 2004, hamu yao haikupungua kuliko ya wenzao wasiopewa, jambo ambalo linaiacha nadharia ya mwili unaojitibu katika hali ngumu.

Kuhusu metali zenye sumu, hofu kubwa hutajwa juu ya migodi na viwanda, ilhali hesabu nyepesi inaonyesha kwamba hata udongo safi haufai kupuuzwa. Udongo wa kawaida, usioguswa na uchafuzi wowote, huwa na risasi ya kiasi cha miligramu 10 hadi 30 kwa kilo. Kwa makadirio ya miligramu 20, gramu 40 za udongo hubeba mikrogramu 800 za risasi. Ukomo wa kimataifa wa risasi katika nafaka ni miligramu 0.2 kwa kilo, kwa hiyo mtu angelazimika kula kilo 4 za nafaka iliyofikia ukomo huo kila siku ili ameze kiasi hicho hicho. Si risasi yote inayoachiwa tumboni, kwa kuwa sehemu yake hubaki imeshikwa na mfinyanzi. Lakini mwaka 2010 kamati ya pamoja ya FAO na WHO ilifuta kiwango chake cha zamani cha risasi kilichokubalika kwa wiki, baada ya kuona kwamba hakuna kinachoweza kusemwa kuwa salama. Hapo hatari mbili hukutana, maana mwili uliopungukiwa chuma hufyonza risasi zaidi, na risasi huvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Mamlaka za chakula za Uingereza na Uholanzi zimekwisha kuwaonya wajawazito, wengi wao wenye asili ya Afrika, kuhusu udongo wa kula unaouzwa huko.

Minyoo, ambayo ndiyo hutajwa kwanza katika mafundisho ya afya, ni hoja dhaifu kwa udongo uliochimbwa chini na kubanikwa, ingawa ina nguvu kwa mtoto anayeokota udongo uani.

Utetezi ulio imara zaidi haumo katika madini kabisa. Kaolini ilitumika kwa muda mrefu katika dawa za kuharisha kwa sababu hufunga sumu na kutuliza utumbo, na wajawazito wenyewe husema pemba huwaondolea kichefuchefu na mate mengi. Ushahidi huo unastahili heshima, lakini unaeleza kipande kidogo asubuhi ya miezi ya mwanzo, wala hauhalalishi gramu 40 kila siku hadi kujifungua.

Marufuku, basi, ingekuwa amri rahisi kutangaza na ngumu kutekeleza, na ingewasukuma walaji kutoka kwenye udongo wa sokoni, ambao chanzo chake kinaweza kufuatiliwa, kwenda kwenye kichuguu na ukuta. Njia yenye tija ni kuanzia machimboni, ambayo ni machache kuliko magenge: mamlaka za viwango, TBS kwa Tanzania na KEBS kwa Kenya, zipime risasi, aseniki, kadimiamu na zebaki katika kila chimbo linalolisha masoko, na zifunge yale mabaya, hasa yaliyo karibu na uchenjuaji wa dhahabu. Alama ya ubora, hata hivyo, isibandikwe kwenye paketi ya pemba, kwani mnunuzi angeisoma kama ruhusa ya serikali. Na kliniki ya wajawazito, ambayo humuuliza mama mambo mengi, imuulize bila kumwaibisha kama anakula udongo, wa wapi, kiasi gani, na saa ngapi baada ya kumeza vidonge vyake.