Mzazi Nahodha na Sheria za Ugenini

Baba aliyekulia kwenye mashua Lamu au Mafia akihamia Marekani, kazi ya kwanza anayoifikiria huwa ya boti. Uzoefu anao, lakini sheria huanza kwa kumuuliza uraia.

Nahodha na injinia mkuu wa chombo kilichosajiliwa na serikali kuu ya nchi hiyo lazima wawe raia. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaweza kuwa baharia wa kawaida, si nahodha.

Mlango mdogo upo. Mgeni anayeishi kihalali anaweza kuomba leseni ya kubeba abiria wasiozidi 6, katika boti zisizo kwenye usajili huo. Awe na miaka 18, siku 360 za kazi majini, na apimwe afya: macho yatofautishe rangi, mwili usiwe na dawa za kulevya.

Wengine hushawishika kuandika "raia" kwenye fomu. Mzazi asithubutu. Kudai uraia usio wako kunaweza kukufukuzisha nchini, watoto wakabaki peke yao.

Subira ina faida. Mwenye kadi, akitimiza masharti mengine, huomba uraia baada ya miaka 5, au 3 akiwa na mwenzi raia. Siku anapokula kiapo, mtoto wake wa chini ya miaka 18 mwenye kadi hiyo, anayeishi naye na kulelewa naye kisheria, naye huwa raia. Aliyekuwa akisubiri leseni yake, huvuna ya familia.