Akikimbia, Mwachie Mshipi

Mwezi huu natoka kidogo hapa Moshono, nawapeleka mto Gura, milima ya Aberdare, Kenya. Maji yake ni ya baridi kali, na mbio zake si mchezo!

Safari aliipanga mume wangu. Alipunguzwa kazi, na kwa miezi minne mimi nilikuwa namhoji kila jioni kama polisi: umeomba wapi, wamekujibu nini? Akawa anakula na kukimbilia chumbani. Nilipojua ametoa hela ya safari kwenye kiinua mgongo, tuligombana mpaka Namanga.

Kule wanavua trauti. Samaki hawa ni wageni. Mayai yao yalitoka Scotland, na Ewart Grogan aliwapanda mto huo mwaka 1905. Chambo chake ni nzi wa bandia, manyoya na nyuzi zilizofungwa kwenye ndoano. Nzi hana uzito, kwa hiyo unarusha mshipi wenyewe: unaupeleka nyuma, unasubiri unyooke, ndipo unauachia mbele.

Mzee aliyetuongoza alitupitisha upande wa chini, polepole. Trauti hukaa ameelekea maji yanakotoka, akisubiri wadudu. Ukimjia kwa mbele au kwa kishindo, ameshakimbia.

Wangu aliponasa nilivuta kwa nguvu zote. Mshipi ukakatika.

“Mama,” mzee akaniambia, “akikimbia mwachie mshipi. Akichoka atarudi, ila fimbo usiiweke chini.”

Nilimtazama mume wangu, nikaona aibu.

Jioni ile sikuuliza kitu. Tulikaa juu ya jiwe, tukanywa chai ya chupa. Baada ya muda mrefu akasema, “Mke wangu, naogopa. Ada ya watoto ya Januari sijui nitaitoa wapi.” Miaka tisa ya ndoa, sijawahi kumsikia akisema anaogopa. Nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi kama ule mto.

Kazi bado hajapata, nisiwadanganye. Ila sasa ada tunaipigia hesabu wawili.

Dada, kaka, mwenzako akinyamaza usimvamie kwa maswali, na usimsuse pia. Kaa karibu, mpe nafasi, fimbo ibaki mkononi. Samaki? Hatukupata hata mmoja!

Tukutane mwezi ujao.