Mkanda wa mashini ya mpunga unaweza kuchimba kisima

WAMAZA, kusini mwa Maniema. – Hapa mvua haimnyimi mtu. Kati ya Kasongo na Kabambare hunyesha sehemu kubwa ya mwaka, mito inajaa, na mgeni kutoka nchi kavu angecheka akisikia kwamba watu wa huku wanalilia maji. Lakini mama aliyeamka alfajiri na bido mbili kwenda chemchemi hacheki. Maji yapo. Yasiyokuwepo ni maji safi karibu na nyumba. Na tangu familia zinazokimbia mapigano ya upande wa Salamabila zianze kupokelewa na wenyeji, chemchemi iliyotosha kijiji kimoja inategemewa na watu wa vijiji viwili au vitatu.

Mashirika ya misaada yana kipimo chao: pompi moja ya mkono isihudumie zaidi ya watu 500, na kila mtu apate angalau lita 15 kwa siku. Hesabu yake ni rahisi. Watu 500 mara lita 15 ni lita 7,500. Pompi itoayo lita 17 kwa dakika itahitaji saa saba na dakika ishirini za kupompa bila mtu kupumzika wala kubadilishana bido. Watu wakiwa 1,000, ni zaidi ya saa 14. Ndiyo maana ugomvi kwenye pompi hauishi. Mwenyeji anasema mhamiaji amemaliza maji, mhamiaji anasema anasukumwa nyuma kila asubuhi, na wote wawili wanasema kweli. Kosa si la mmoja wao. Visima ni vichache.

Kila mara jibu linalotolewa ni lilelile: subirini mradi. Mradi maana yake lori lenye mashini kubwa ya kuchimba, na nyuma yake lori la pili lenye kompresa, tiyo na mafuta. Gari la namna hiyo lina tani kumi na zaidi. Kila anayepita barabara zetu wakati wa masika anajua daraja la magogo linabeba nini na haliwezi kubeba nini. Lori linafika pale barabara inapokubali, si pale watu walipo. Vijiji vilivyo ndani, ambako ndiko wengi waliokimbia wamejificha, vinabaki na mto.

Kuna njia nyingine, na imo mikononi mwa mafundi ambao hakuna anayewauliza. Ni wale wa mashini ya kukoboa mpunga na kusaga mihogo.

Kasongo ni nchi ya mpunga tangu enzi za Tippu Tip na watu wake. Popote penye mpunga kuna mashini ya kukoboa, na kila mashini ina motere, puli mbili na mkanda. Fundi wake anajua kusikia kwa sikio kama mkanda umelegea. Anajua kuongeza kasi kwa kubadilisha puli, na anajua kwamba puli zisipokaa mstari mmoja mkanda utaruka. Huo ndio ujuzi mkubwa wa mashini ndogo ya kuchimba kisima. Mengine yanaweza kufundishwa kwa wiki chache.

Chukua motere ndogo ya mazutu inayozunguka mara 2,200 kwa dakika. Kasi hiyo inafaa kukoboa, lakini haifai kuchimba. Chuma cha kuchimbia kingeruka ovyo na kuvunja tiyo. Puli ya sentimita 10 kwenye motere ikivuta puli ya sentimita 50, mizunguko inashuka hadi 440. Rudia hatua hiyo mara ya pili kwenye ekseli nyingine, unapata 88. Kasi imepungua mara 25, na nguvu ya kuzungusha imeongezeka karibu kiasi hichohicho, ukitoa ile inayopotea kwenye mikanda. Mizunguko 88 inatosha kwa udongo mwekundu, udongo wa mfinyanzi, mchanga na jiwe lililooza.

Sasa linakuja jambo ambalo mashini ya mpunga haina. Mashini ya kukoboa inazunguka upande mmoja tu maisha yake yote. Mashini ya kuchimba inahitaji kwenda mbele, kusimama, na kurudi nyuma, bila kuzima motere. Kwenda mbele ni kuchimba. Kurudi nyuma ni kumtoa chini mwalo uliokwama kwenye udongo unaonata, kufungua tiyo zikishafika juu, au kuzungusha gurudumu la kamba ya kunyanyulia. Motere ya mazutu haigeuzwi kirahisi, na gia za kiwanda zenye mwendo wa nyuma ni ghali. Ikivunjika jino moja, spea yake itafutwe Bukavu au mbali zaidi.

Mkanda unalitatua jambo hilo kwa namna ya zamani sana, iliyotumika kwenye karakana za Ulaya na Marekani kabla ya umeme kuenea. Mkanda uliofungwa kawaida huzungusha puli zote mbili upande mmoja. Ukiupinda katikati ufanane na namba nane, puli ya pili inageuka upande wa pili. Basi weka mikanda miwili kwenye ekseli zilezile, mmoja wa kawaida na mmoja wa namba nane, yote miwili ikiwa imelegea. Kila mmoja uwe na kigurudumu kidogo cha kuukaza. Mpe fundi wenzo mmoja: akiusukuma, unakazwa mkanda wa kwanza na mashini inachimba, akiuacha katikati, yote inalegea na mashini inasimama, akiuvuta, unakazwa mkanda wa pili na mashini inarudi nyuma. Wenzo uwe mmoja, si miwili. Wenye miwili siku moja watakaza mikanda yote kwa pamoja, na hapo kitu lazima kikatike.

Mkanda una faida nyingine ambayo gia hazina. Chuma kikigonga jiwe chini na kukwama, mkanda unateleza, unapiga kelele, unatoa harufu ya mpira unaoungua, na fundi anapata nafasi ya kuuachia wenzo. Gia zingevunjika, au zingeikunja tiyo. Mkanda uliokufa ni hasara ndogo. Tiyo iliyokatika mita 25 chini ni kisima kilichopotea.

Mafundi wa mpunga wanapaswa kuambiwa mambo mawili ambayo kazi yao ya kila siku haiwafundishi. La kwanza: mkanda wa namba nane unataka uwe bapa, wa ngozi au wa kitambaa chenye mpira. Ile minene yenye umbo la V iliyo kwenye mashini nyingi za sasa haipendi kupindwa. Inajisugua pale inapokutana, inapata moto na kuruka. Hata ule bapa unataka puli ziwe mbalimbali ili upindo usiwe mkali. Hilo lina heri yake, maana motere ikikaa mbali na shimo, moshi na mafuta yake navyo vinakaa mbali na maji.

La pili ni zito zaidi. Tiyo za kuchimbia hufungwa kwa nati, na nati za kawaida hukazwa kwa kuzunguka kulia. Mashini ikichimba kulia, tiyo zinajikaza zenyewe. Ikirudi nyuma kwa nguvu zikiwa bado chini, zinafunguka gizani, na nusu ya tiyo inabaki shimoni. Kwa hiyo mwendo wa nyuma si wa kuchezea. Ama tiyo ziunganishwe kwa pini inayopita katikati, ili zisifunguke upande wowote, ama wenzo ufungwe kwa kufuli kila tiyo zinapokuwa ardhini, na ufunguo ukae kwa mtu mmoja.

Jambo la kuwalinda watu nalo lisidharauliwe. Mkanda ulio wazi hauchagui. Unashika kitenge, unashika mkono wa mtoto aliyekuja kuangalia, na pale kijijini penye kazi ya kisima watoto wote watakuja kuangalia. Mbao chache na wavu wa chuma kuzunguka mikanda vinagharimu kidogo.

Wapo watakaosema haya ni maneno ya karatasini. Waangalie Tanzania. Huko Njombe, shirika la SHIPO limefundisha mafundi wa kawaida kuchimba visima kwa mikono na kutengeneza pompi za kamba, na mafundi hao wakawa na biashara zao wenyewe. Mwaka 2011 wanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Brigham Young cha Marekani walileta Tanzania mashini inayozungushwa na watu kwa gurudumu kubwa, bila motere ya kuchimbia. Ikiwa mikono inaweza, motere ya mpunga inaweza. Hata pompi ya Afridev ilikomaa kwa kujaribiwa vijijini, Kwale kwenye pwani ya Kenya, miaka ya 1980. Mawazo yake yalikuwa kwamba watu wa kijiji waweze kuifungua na kuitengeneza wao wenyewe, wanawake wakiwemo. Mashini ya kuchimba nayo inafaa kupimwa hivyohivyo: je, anayeitumia anaweza kuitengeneza?

Mashini hii haina miujiza. Ikikuta jiwe gumu, itasimama. Kwa jiwe lililo zima kabisa inatakiwa nyundo ya hewa na kompresa, yaani lile lori lilelile. Na pale penye chemchemi nzuri juu ya kijiji, kuijenga na kuilinda ni bei nafuu kuliko kisima chochote. Mpango wa serikali wa Vijiji Vyenye Usafi, ulioanza 2008 pamoja na UNICEF, umeonyesha hivyo sehemu nyingi za nchi. Mashini ndogo ni kwa ajili ya vijiji vilivyobaki katikati, visivyo na chemchemi ya kutosha wala barabara ya lori. Navyo si vichache.

Leo vijiji hivyo vinafanya nini? Vinachimba kwa sururu. Kijana anashushwa kwa kamba mita kumi, kumi na tano, bila kofia wala ngazi. Maji yakijaa, mwenye haraka anashusha motopompe ya esansi ndani ya shimo ili iyavute, naye anashuka pamoja nayo. Moshi wa motere hiyo unaua kimya kimya, na anayemfuata kumwokoa anakufa naye. Tiyo ya sentimita 12 haishushi mtu yeyote chini ya ardhi. Hoja hiyo peke yake ingetosha.

Motopompe yenyewe ina kazi nyingine nzuri juu ya ardhi: kusukuma maji yaliyochanganywa na udongo mzito ndani ya tiyo, yapandishe vumbi na mchanga wa shimo. Wachimbaji wa dhahabu wanazo. Ila pompi iliyowahi kugusa maji ya zebaki isikaribie kisima cha kunywa, hata mwenyewe akiikodisha bure.

Basi ombi kwa wakubwa wa teritware, kwa zoni za afya na kwa mashirika yanayokuja kupima mahitaji ni hili: fedha ya kisima kimoja cha lori iwekwe kwenye karakana moja ya Kasongo au ya Wamaza, itengeneze mashini moja yenye mikanda inayopatikana sokoni. Wachaguliwe mafundi sita, watatu wenyeji na watatu wahamiaji. Kati ya waliokimbia wamo mafundi wa motere na wa kuchomelea vyuma ambao leo wanalima shamba la mtu kwa mkungu wa ndizi. Walipwe kwa kila mita, na shimo likikosa maji walipwe sehemu, maana fundi asiyelipwa kwa shimo kavu atasema kila shimo lina maji.

Na kabla chuma hakijagusa ardhi, mwenye shamba, chifu na wawakilishi wa waliokimbia waandike karatasi moja inayosema kisima ni cha nani. Familia za wakimbizi zimeshaona kisima kikichimbwa kwa jina lao na baada ya miezi michache kikifungwa kwa mnyororo. Mwenyeji naye ameshaona shamba lake likichukuliwa bila neno. Karatasi hiyo iseme pia nani anachangia kiasi gani kwa spea, iseme choo kikae mita 30 au zaidi kutoka kisima, na iseme mkanda wa akiba unawekwa kwa nani. Uwe ndani ya nyumba, usiachwe juani, na panya wasiufikie.

Kiangazi huanza mwezi wa sita. Barabara inakauka, na maji ya ardhini yanashuka hadi kina chake cha chini kabisa kabla ya mvua kurudi. Kisima kinachotoa maji mwishoni mwa kiangazi kitatoa mwaka mzima. Kilichochimbwa katikati ya masika kinaweza kumdanganya fundi. Kama mashini itatengenezwa wakati mvua bado inanyesha, itakuwa tayari kwa wakati wake.