Kura ya Mkristo Katika Uchaguzi Mkuu wa Uingereza



Kila uchaguzi mkuu wa Uingereza unapokaribia, Tume yetu huulizwa swali lilelile na waamini wenye asili ya Afrika Mashariki wanaoishi katika nchi ile, na wakati mwingine na wazazi wao waliobaki nyumbani: tumchague nani? Jina la kuwapa hatuna. Wala tusidhaniwe kwamba tunakaa kimya kwa woga. Kanuni ya 287 ya Sheria ya Kanisa inawakataza makleri kushiriki kwa utendaji katika vyama vya siasa, isipokuwa pale ambapo ulinzi wa haki za Kanisa au manufaa ya wote yatadai hivyo kwa uamuzi wa mamlaka husika. Uamuzi wa kura ni mali ya dhamiri ya mlei, na padre anayemnyang'anya mlei uamuzi huo anamdhulumu. (Waingereza wenyewe walikuwa na hofu yao juu ya mapadre: hadi mwaka 2001, sheria yao ilimzuia padre Mkatoliki kuketi katika Bunge la Makabwela.) Lakini kukataa kutaja jina hakutuondolei wajibu wa kusaidia dhamiri ipate mwanga.

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalijui. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kwa kibali halali ana haki ya kujiandikisha na kupiga kura katika uchaguzi mkuu, hata kama hana uraia wa nchi hiyo. Kwa hiyo Mtanzania, Mkenya na Mganda, awe mwanafunzi, muuguzi au mtunza wazee, anayo kura. Mnyarwanda naye anayo, kwa kuwa nchi yake iliingia katika Jumuiya hiyo mwaka 2009. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi hawana, mpaka wapate uraia. Ni jambo la ajabu kidogo: Mtaliano aliyekaa London miaka 30 bila kuchukua uraia haruhusiwi kumchagua mbunge, na kijana wa Mwanza aliyewasili juzi kusoma anaruhusiwa. Hatukuitunga sheria hiyo, lakini haki ikiwepo inadai wajibu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes, uliwakumbusha raia haki yao, ambayo pia ni wajibu, ya kuitumia kura kwa uhuru kwa ajili ya manufaa ya wote.

Wapo wanaosema kwamba kupiga kura ugenini ni kujitia katika ugomvi wa watu. Nabii Yeremia hakuona hivyo. Aliwaandikia Wayahudi waliokuwa utumwani Babeli kwamba waujali ustawi wa mji ule, kwa maana hali yao ilifungamana nao. Na wale walikuwa mateka. Sisi tumekwenda kwa tiketi.

Pili, mpiga kura aelewe anachochagua. Aliyezoea uchaguzi wa Tanzania, ambako hupewa karatasi ya rais, ya mbunge na ya diwani, atashangaa kukuta karatasi moja tu. Jina la Waziri Mkuu halimo, ila katika jimbo anakogombea yeye mwenyewe. Nchi imegawanywa katika majimbo 650, kila jimbo lina mbunge mmoja, na anayepata kura nyingi kuliko kila mwenzake ndiye mshindi, hata kama hakufikia nusu. Matokeo yake ni kwamba viti havilingani na kura. Mwaka 2024 chama cha Labour kilipata karibu asilimia 34 ya kura zote, kikatwaa viti 411. Reform UK walipata zaidi ya asilimia 14 wakaambulia viti 5, ilhali Liberal Democrats, waliopata kura pungufu ya hao, walipata viti 72 kwa kuwa kura zao zilikuwa zimekusanyika mahali pamoja. Mwaka 2011 wananchi waliulizwa kama wangependa kuibadili njia hiyo, na zaidi ya theluthi mbili ya waliopiga kura walikataa.

Kutokana na mfumo huo huzuka swali la dhamiri ambalo halipo sana kwetu. Mgombea ninayemwona bora hana matumaini katika jimbo langu. Je, ni halali kumpa kura mwingine, asiyenipendeza sana, ili kumzuia wa tatu ninayemwona mbaya zaidi? Wengine wanaona hiyo ni hila. Sisi hatuoni hivyo. Kura si tamko la mapenzi, ni tendo lenye matokeo, na Mkristo anawajibika kwa matokeo anayoweza kuyaona mbele yake. Mapokeo ya Kanisa yanakubali kwamba mtu asiyeweza kuzuia ubaya wote anaruhusiwa kuupunguza. Yohane Paulo wa Pili alifundisha hivyo juu ya wabunge katika waraka wake Evangelium Vitae wa mwaka 1995, na haikosi maana kwa wale wanaowachagua wabunge. Sharti ni kwamba anayefanya hivyo asijidanganye: aitafute hali halisi ya jimbo lake, asitegemee uvumi wa kwenye basi. Na asije akadhani kwamba kura moja ni bure. Mwaka 2024, katika jimbo la Hendon, kaskazini ya London, mshindi alimzidi mwenzake kwa kura 15. Jumuiya Ndogondogo moja ya Kikristo ina watu zaidi ya hao.

Sasa tufike penye uzito. Mwaka 1996, kabla ya uchaguzi wa Mei 1997, Maaskofu Katoliki wa England na Wales walitoa hati juu ya manufaa ya wote na mafundisho ya jamii ya Kanisa. Hawakutaja chama. Walisisitiza utu wa mwanadamu, mshikamano, haki ya mfanyakazi, na hatari ya kuliachia soko liamue kila kitu. Tunaipendekeza hati hiyo hata leo, maana ilimfundisha mwamini kupima, si kufuata. Tujaribu kupima mambo machache.

Uhai wa mwanadamu ni msingi. Bila huo haki nyingine hazina pa kusimama. Hapa lakini waamini wengi hukosea njia. Wanatafuta chama kinachotetea uhai, kumbe katika Bunge la Uingereza mambo ya utoaji mimba na ya kumsaidia mgonjwa kujiua huachwa kwa kura huru, kila mbunge kwa dhamiri yake. Tarehe 20 Juni 2025 muswada wa kuwaruhusu wagonjwa mahututi kusaidiwa kufa ulipita katika Bunge la Makabwela kwa kura 314 dhidi ya 291, kisha ukapelekwa Baraza la Malodi. Tofauti ilikuwa kura 23, na katika vyama vikubwa walikuwapo wa kuunga mkono na wa kupinga. Kwa hiyo swali hili aulizwe mgombea mwenyewe, kwa barua au uso kwa uso, kwa heshima, na jibu lake litunzwe. Waingereza wana desturi njema katika hili: mbunge hupokea watu wa jimbo lake, hata asiyemchagua, na barua hujibiwa.

Maskini ni kipimo cha pili, wala hakijatengana na cha kwanza. Kuanzia Aprili 2017 familia zilizotegemea msaada wa serikali hazikupewa posho kwa mtoto wa tatu na wanaofuata waliozaliwa baada ya hapo. Anayesema anaupenda uhai akaiona sheria kama hiyo kuwa haimhusu, ajiulize tena. Julai 2024 wabunge 7 wa Labour walipiga kura ya kutaka kikomo hicho kiondolewe, wakasimamishwa katika kundi la wabunge wa chama chao. Novemba 2025 serikali ileile ikatangaza kwamba itakiondoa kuanzia Aprili 2026. Tunataja kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kwamba ilani ya chama haitoshi. Mbunge mwenye uti wa mgongo ana thamani, naye hupatikana katika vyama mbalimbali.

Kuhusu mgeni, hatuwezi kujifanya hatuhusiki. Aprili 2022 serikali ya Uingereza ilipatana na Rwanda ili wanaoomba hifadhi wapelekwe Kigali. Novemba 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mpango huo haukuwa halali. Aprili 2024 Bunge likatunga sheria ya kuitamka Rwanda kuwa salama. Julai mwaka huohuo serikali mpya ikaufuta mpango wote. Ndugu zetu Wanyarwanda waliona uchungu wa namna mbili, kwa ajili ya wakimbizi waliofanywa mzigo wa kusafirishwa, na kwa ajili ya nchi yao kutajwa kana kwamba ni adhabu. Tangu Machi 2024 watunza wazee waliopata visa mpya kutoka nje hawakuruhusiwa tena kufuatana na wenzi wao na watoto. Mama anamwogesha bibi wa mtu mwingine huko Leeds, na wanawe wanalelewa na bibi yao Moshi. Tunakiri kwamba serikali ina haki ya kupanga idadi ya wanaoingia. Kanisa halijapata kukana hilo. Lakini sera inayotaka mikono ya mfanyakazi na kuikataa familia yake inapingana na fundisho letu, na mgombea aulizwe anasemaje.

Tusiishie lakini kwenye ya kwetu tu. Mhamiaji naye anaweza kuwa mchoyo. Wapo kati yetu ambao, wakishapata ukaaji wa kudumu, huwa wakali kwa wanaofuata nyuma kuliko wenyeji wenyewe. Na kuna jambo linalowagusa walio mbali kabisa na sanduku la kura: sheria ya mwaka 2015 iliweka msaada wa Uingereza kwa nchi maskini katika asilimia 0.7 ya pato la taifa. Mwaka 2021 serikali ya Conservative iliushusha hadi 0.5, Februari 2025 serikali ya Labour ikatangaza kuushusha hadi 0.3 ifikapo mwaka 2027, ili fedha ziende kwenye ulinzi. Vyama viwili vinavyopingana katika mengi vimekubaliana katika hili. Zahanati zetu zinajua maana yake, na mgonjwa wa huko hana mbunge wa kumwandikia ila kwa mkono wa ndugu yake aliyeko Uingereza.

Mwamini atakayepima hivyo atagundua upesi kwamba hakuna chama kinacholingana na Injili kifungu kwa kifungu. Huyu ni mwema kwa mgeni na mlegevu kwa mtoto asiyezaliwa. Yule ni kinyume chake. Wa tatu ana maneno matamu kwa wote wawili bila senti mfukoni. Paulo wa Sita, mwaka 1971, alikwisha kukubali kwamba imani moja inaweza kuwaongoza Wakristo kwenye misimamo tofauti ya siasa. Basi walei wawili wa parokia moja wanaweza kupiga kura tofauti, wakapokea Komunyo pamoja Dominika inayofuata. Tusichokubali ni kura ya uvivu: ya kurithi chama kama ukoo, ya kumfuata mgombea kwa kuwa ana rangi yetu au dini yetu, au ya kumchukia mtu wa kabila fulani. Waliokata tamaa huharibu karatasi. Karatasi hizo huhesabiwa kuwa zimeharibika, kisha basi. Hatuwahukumu, ila tunaona afadhali kumpata aliye karibu zaidi na haki.

Neno moja kwa viongozi wa walei na wazee wa jumuiya. Tusikie aibu kulisema. Kuahidi kura za watu wote wa jumuiya kwa mgombea fulani, kwa sababu alikuja kwenye sherehe yetu akala pilau, ni kuuza kisicho chako. Vivyo hivyo baba anayejaza karatasi ya posta ya mkewe anavunja sheria ya nchi, na anavunja pia heshima ya dhamiri ya mwanamke aliyebatizwa kama yeye. Kura ya siri ilipatikana Uingereza mwaka 1872 ili mpangaji asimwogope mwenye nyumba. Isije ikapotelea jikoni kwetu. Ukumbi wa parokia utumike kwa mkutano ambao wagombea wote wa jimbo wamealikwa, au usitumike.

Mengine ni ya utekelezaji. Kujiandikisha hufungwa siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi, hivyo asingoje mtu kampeni zipambe moto. Katika uchaguzi wa mwaka 2024 mpiga kura alidaiwa kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya nchi ya Jumuiya ya Madola ilikubaliwa, hata iliyopitwa na wakati ikiwa sura bado inatambulika. Siku yenyewe kwa desturi ni Alhamisi, wala si sikukuu. Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi hadi saa 4 usiku, na wenye zamu ndefu hospitalini waombe mapema kura ya posta. Wino wa kidoleni hakuna. Penseli mtakayoikuta kibandani isiwatie shaka, ni ya kawaida huko, na mwenye wasiwasi anaruhusiwa kutumia kalamu yake.