Askari Abomoaye Ngome

Katika masomo ya biolojia, chembe nyeupe za damu aghalabu hufananishwa na askari walindao mwili. Mfano huo unafaa, lakini ukiachwa hapo humpotosha mwanafunzi, kwa maana askari hao huweza pia kubomoa ngome wailindayo.

Albert Einstein alifariki Aprili 18, 1955, huko Princeton, Marekani, baada ya kupasuka kwa aota, yaani mshipa mkuu utoao damu moyoni. Aota yake ilikuwa imetuna tumboni, hali iitwayo aneurizimu. Mwaka 1948 daktari Rudolph Nissen alikuwa ameufunga uvimbe huo kwa selofani, akitumaini kwamba mwili ungewashwa na kujenga kovu gumu la kuuzuia.

Ukuta wa aota hunyumbuka kwa sababu ya protini iitwayo elastini, na huwa imara kwa sababu ya kolajeni. Ukuta huo udhurikapo, kwa mfano kwa moshi wa tumbaku, chembe nyeupe huingia humo na mchochota huanza. Baadhi yao, makrofaji, hula mabaki na kutoa vimeng'enya vikatavyo protini, ili ukarabati ufanyike. Kazi ikiisha, hazina budi kutulia. Katika aneurizimu hazitulii: huita nyingine, nazo elastini na kolajeni huzidi kukatwa. Elastini ikiharibika, mwili wa mtu mzima hauwezi kuijenga upya ipasavyo. Ndipo aota ya tumboni, yenye upana wa sentimita 2 hivi, hutanuka hadi 3 na zaidi, mara nyingi bila mgonjwa kuhisi lolote.

Tiba si rahisi. Jaribio lililotangazwa Marekani mwaka 2020 lilionyesha kwamba doksisaiklini, dawa izuiayo baadhi ya vimeng'enya hivyo, haikupunguza kasi ya kutanuka kwa aneurizimu ndogo. Kwa hiyo kinga ingali bora, na ya kwanza ni kuepuka tumbaku.

Yafaa basi walimu waukamilishe mfano wa askari. Mwanafunzi ajuaye vita tu ataamini kila dawa isifiwayo kwamba "huongeza kinga", na hatatambua madhara ya sigara yake ya kwanza. Afundishwe kwamba kinga njema hujua kuanza vita na hujua kuvikomesha. Wahenga walikwisha kuonya: kikulacho ki nguoni mwako.