Mkwasa, Ancelotti na hili neno "kaimu"

Kama kawaida nawapata toka Mikumi, hapa barabara ya Iringa, ambako mabasi yanapita lakini ubishi wa mpira haupiti.

Juzi banda umiza jamaa mmoja wa Kilosa kaja na hoja: makocha wazawa hawana lolote, ndo maana kila siku wanakaimu tu. Banda zima likamshangilia. Mimi nikazidiwa sauti. Leo namjibu hapa, maana hapa hakuna wa kunizomea kabla sijamaliza.

Mchukue Charles Boniface Mkwasa, "Master". Miaka ya 80 alikuwa kiungo wa Yanga. Akawa kocha, akaipeleka Twiga Stars fainali za Afrika za wanawake 2010 kule Afrika Kusini. Akawa msaidizi wa Hans van der Pluijm Yanga, wakabeba ubingwa 2014/15.

Juni 2015 Stars ikapigwa 3-0 na Uganda pale Zanzibar, Mart Nooij akatimuliwa. Nani aitwe? Mkwasa. Yaani kakabidhiwa nyumba inawaka moto. Akatoa sare 1-1 Kampala, Septemba akambana Nigeria 0-0 Dar. Novemba tukawa tunaongoza 2-0 dhidi ya Algeria, wakarudisha zote. Siku tatu baadaye kule kwao tukala 7-0.

Najua jamaa wa Kilosa hapo anaruka: "Saba!" Ndiyo, saba, sifichi. Juni 2016 Salah naye akatufunga mbili nyumbani. Januari 2017 timu akapewa Salum Mayanga.

Sasa tumtazame kiungo mwingine, Carlo Ancelotti, aliyecheza Roma na Milan. Mwaka 1995 alianza ukocha Reggiana, Serie B, na mechi za mwanzo timu ikawa mkiani. Hawakumfukuza. Msimu ukaisha kapanda nayo Serie A. Mwaka 2001 Juventus wakamtimua, mwaka huohuo Milan wakamchukua. Leo ana Ligi ya Mabingwa 5 akiwa kocha.

Msinielewe vibaya, sisemi Mkwasa ni Ancelotti. Nafananisha ngazi, siyo watu. Yule akiteleza anakuta kipago kingine cha kushika. Huyu wetu baada ya Stars akawa katibu mkuu wa Yanga, na Novemba 2019 Yanga ilipoachana na Mwinyi Zahera akaitwa tena... kukaimu! Januari 2020 kaja Luc Eymael.

Na haijaisha. Januari 2024 Amrouche kasimamishwa katikati ya AFCON, Hemed Suleiman "Morocco" akaitwa kuokoa jahazi. Novemba 19, 2024 tukaifunga Guinea 1-0, tukafuzu AFCON 2025. Novemba 2025, fainali zikiwa mlangoni, timu akapewa Miguel Gamondi.

Stars ikavuka makundi kwa mara ya kwanza. Jamaa atasema "umeona?" Nimeona, na Gamondi nampa heshima yake. Ila aliyelima shamba hakuonja mavuno, na hatutajua kamwe angefika wapi.

Mimi siombi mzawa apendelewe. Naomba mkataba wenye muda na malengo yaliyoandikwa. Akishindwa malengo, aende. Akifikia, abaki. Neno "kaimu" linamfundisha kocha kucheza asifungwe Jumamosi, halimfundishi kujenga timu ya miaka minne.

Huku Kilosa na Mikumi kuna kaka zetu wanaofundisha madogo jioni kwa mipira miwili iliyochakaa. Nao wanatazama juu. Kama juu kabisa kuna kiti cha kukaimu tu, nani atahangaika kusomea ukocha?

Jamaa wa Kilosa, ukumbi ni wako. Jibu hoja, usipige kelele!